Mwongozo kamili wa neno "late": namna ya kulisoma, kulifasiri na kuliandika bila kukosea

Kazi yangu ya kila siku ni kusahihisha barua, taarifa na tafsiri za watu wanaoandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili, na hakuna neno dogo linalorudi mezani kwangu likiwa na makosa yaleyale kama "late". Walioandika si wazembe. Sote tulifundishwa darasani kwamba maana yake ni kuchelewa, tukaridhika na jibu hilo, ilhali katika magazeti, barua rasmi na nyaraka za hospitali neno hili mara nyingi halizungumzii kuchelewa hata kidogo.

Ukifuata mwongozo huu hadi mwisho, jambo moja litakukaa kichwani: maana ya "late" huamuliwa na majirani zake, yaani neno lililolitangulia na neno linalolifuata. Anayewatazama majirani kwanza hukosea mara chache sana. Anayekimbilia "chelewa" kabla ya kuwatazama atakosea hata akiwa na kamusi nne mezani.

## Mahitaji

- Daftari na kalamu za rangi mbili.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mfano. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili hukupa visawe vingi vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, lakini kwa kawaida haikuonyeshi kila kisawe kinakaa karibu na neno gani.
- Sentensi kumi halisi zenye neno hili, ulizozitoa kwenye barua pepe za kazini, ankara, matangazo au habari unazosoma. Usizitunge mwenyewe, kwa sababu utatunga zile unazozijua tayari.
- Simu yenye kinasa sauti, kwa ajili ya hatua ya matamshi.
- Muda wa saa moja na nusu bila kusumbuliwa.

## Hatua ya 1: Watazame majirani kabla ya kufasiri

Nakili sentensi zako kumi daftarini. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari neno "late"; kwa rangi ya pili zungushia duara neno lililo kabla yake na lililo baada yake. Kisha amua kila sentensi inaingia kundi gani kati ya haya.

Likifuata "is", "was" au "will be", na anayezungumziwa ni mtu, gari, mshahara au malipo, hapo kwa kawaida ni kuchelewa. Likifuata kitenzi cha tendo, kama katika "arrived late", ni kufanya jambo kwa kuchelewa. Likitangulia jina la kipindi, kama mwezi, mwaka, karne au sehemu ya siku, maana yake ni "mwishoni mwa". Likiwa kati ya "the" au "my" na jina la mtu au cheo cha mtu, maana yake ni marehemu. Na likiwa limebadilika umbo likawa "later", "latest" au "lately", lina hatua yake mbele.

Jaribu kwa sentensi hii moja, ambayo ninapenda kuwapa wanaoanza: "In late March the late chairman's son was late with the rent." Neno limetokea mara tatu, na kila mara limebeba maana yake. Kwa Kiswahili tunasema: "Mwishoni mwa Machi, mtoto wa marehemu mwenyekiti alichelewa kulipa kodi ya nyumba." Kuchelewa kumetokea mara moja tu.

Utajua hatua hii imefaulu pale utakapoweza kuyapanga makundi ya sentensi zako kumi bila kufungua kamusi. Usiendelee mbele kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Kuchelewa kwenyewe

Katika Kiswahili kuchelewa ni kitenzi, tena tunakitumia sana katika hali ya "-me-": nimechelewa. Katika Kiingereza "late" ni sifa inayobebwa na kitenzi kingine. Kwa hiyo "nimechelewa" ni "I am late", "nilichelewa" ni "I was late", na "nitachelewa" ni "I will be late". Kosa la kuandika "I have late" linatoka moja kwa moja kwenye "-me-" yetu.

Wengi huku kwetu husema "I got late". Mitaani hueleweka, lakini katika maandishi rasmi liache, kwa sababu Kiingereza kina "it got late", na maana yake ni kwamba saa zilikwenda, usiku ukaingia. Msomaji wa mbali huchanganya mambo hayo mawili.

Sasa tazama neno linalofuata. Ukichelewa tukio, tumia "for": "late for the meeting", "late for work". Ukichelewa kutoa kitu unachodaiwa, tumia "with": "late with the report". Kiswahili hakihitaji vihusishi hivyo, maana kiambishi cha mahali kinatosha: "Alichelewa kazini." Hapo ndipo mtego ulipo. Mfasiri akiitazama "-ni" ya kazini huandika "He stayed late at work", na kumbe amemsifia mtu aliyekuwa analalamikiwa, kwa kuwa sentensi hiyo inasema alibaki ofisini hadi usiku akifanya kazi. Sentensi sahihi ni "He was late for work."

Kipimo cha muda hukaa kabla ya neno lenyewe. "Basi lilichelewa kwa saa mbili" ni "The bus was two hours late."

Onyo kubwa la hatua hii linahusu "very late" na "too late". Kiswahili cha haraka huyaweka yote mawili kwenye "nimechelewa sana", lakini umbali kati yake ni mkubwa. Aliye "very late" bado anaweza kufika. Aliye "too late" amekuta mlango umefungwa. Daktari akisema "It is too late to operate", mkalimani akawaambia ndugu "tumechelewa sana kumfanyia upasuaji", ndugu watasikia ama lawama kwa hospitali ama matumaini kwamba wakikimbizana na muda upasuaji utafanyika. Alichosema daktari ni kwamba upasuaji hauwezekani tena. Hivyo ndivyo inavyopaswa kutafsiriwa: "Haiwezekani tena kumfanyia upasuaji."

Palepale kliniki, mwanamke akimwambia muuguzi "I'm late", huenda hazungumzii miadi. Anasema siku zake zimepita bila kuziona. Mkalimani anapaswa kuuliza kabla ya kufasiri.

Kwa madeni, ankara na vitabu vya maktaba, Kiingereza kina neno jingine, "overdue", ambalo husema kwamba tarehe iliyokubaliwa imeshapita. "Late fee" ni faini ya kuchelewa kulipa. Na msemo "better late than never" tayari una mwenzake kwetu, mfupi na mzuri kuliko tafsiri yoyote: kawia ufike.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika sentensi tano kuhusu wiki yako, kila moja ikiwa na "for", "with", kipimo cha muda au "too", na mwenzako anayejua Kiingereza asipate cha kuuliza.

## Hatua ya 3: "Mwishoni mwa"

Sheria ni rahisi: "late" likitangulia kipindi, hesabu sehemu ya mwisho ya kipindi hicho. "Late March" ni mwishoni mwa Machi. "Late 1960s" ni mwishoni mwa miaka ya 1960, takriban kuanzia 1967 hadi 1969. Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967 ni tukio la "late 1960s". Mtu aliye "in her late twenties" ana umri wa miaka 27, 28 au 29. Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "katika ishirini zake za kuchelewa", na aliyeiandika alikuwa mtu makini ambaye alisahau tu kumtazama jirani.

Kwa karne, fanya hesabu mara mbili. Karne ya 19 ni miaka ya 1801 hadi 1900, kwa hiyo "the late nineteenth century" ni miaka ya 1880 na 1890 hivi. Ukiandika "mwishoni mwa miaka ya 1900" umemrusha msomaji miaka mia moja mbele.

Sehemu za siku zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Kiswahili kina majina yake ya nyakati ambayo hayalingani moja kwa moja na ya Kiingereza. "Late morning" haina jina moja kwetu. Andika "asubuhi kuelekea mchana", au taja saa, kwa mfano saa tano. "Late afternoon" ni alasiri kuelekea jioni. "Late at night" ni usiku mwingi. Wengi hukimbilia "usiku wa manane", lakini manane ni usiku wa kati, watu wote wamelala. Kama habari inazungumzia saa nne usiku, sema tu usiku umekwenda.

"Late lunch" haina lawama yoyote. Ni chakula cha mchana kilicholiwa baadaye kuliko kawaida, labda saa tisa, na hakuna aliyekosea.

Katika maandishi ya afya, weka virai hivi viwili ubavuni kwa ubavu na uvitazame vizuri. "Late-stage cancer" ni saratani iliyofikia hatua za mwisho. "Late diagnosis" ni ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa. Cha kwanza kinaeleza ugonjwa ulipofika; cha pili kinaeleza muda uliopotea kabla ya kupimwa. Kwenye bango la uhamasishaji vyote viwili vinaweza kutokea katika aya moja, na mfasiri akivichanganya ujumbe mzima unapinda. "Late pregnancy", vilevile, ni miezi ya mwisho ya ujauzito, wala si mimba iliyochelewa kuingia.

Kuna mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno imeshakubalika na hutakiwi kuibadilisha. Wakulima wa nyanya na viazi mviringo pamoja na mabwana shamba wao huuita "late blight" bakajani chelewa. Jina limeshazoeleka shambani, na kubuni jingine kutamchanganya mkulima anayetafuta dawa.

## Hatua ya 4: Marehemu

Hapa ndipo makosa yanapoumiza, kwa hiyo usiipite hatua hii haraka.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nipitie mawasiliano kati ya shule moja na mfadhili wa Uingereza aliyekuwa akimlipia karo kijana wa kidato cha pili. Mfadhili alikuwa ameomba fomu isainiwe na mzazi. Shule ilimjibu kwa sentensi fupi: "His father is late." Mfadhili naye akajibu kwa upole kwamba hakuna shida, mzee akifika asaini. Barua ile ilisomwa ofisini kijana akiwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyekusudia kumuumiza, lakini baba yake alikuwa ameshazikwa, na mtu aliyekuwa akimsaidia alikuwa akimsubiri afike.

Shule haikubuni kosa. Katika Kiingereza kinachozungumzwa Kenya, Zambia, Botswana na Afrika Kusini, kusema "my father is late" kwa maana ya kufariki ni jambo la kawaida, na husemwa kwa heshima. Msomaji wa Uingereza au Marekani hana matumizi hayo. Kwake, "late" la msiba hukaa kabla ya jina tu. Likikaa baada ya "is", ataangalia saa.

Kwa hiyo fuata taratibu hizi:

Kwanza, weka "the" au kimilikishi kabla yake: "the late chairman", "my late father", "his late mother". Ukiliacha bila "the" katika sentensi kamili, kama "Late chairman was buried on Friday", msomaji ataona kichwa cha habari kilichokatwa.

Pili, ukitaka kutoa taarifa ya kifo, tumia kitenzi cha kufa chenyewe. "His father died in 2016" ni sentensi yenye heshima, na haiwezi kusomwa vingine. Waandishi wetu huiogopa "died" kwa sababu sisi tuna adabu ya kuzunguka neno kufa: tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kiingereza pia kina "passed away" kwa barua ya pole. Lakini katika fomu, hati na barua ya kikazi "died" halimkosei mtu heshima.

Tatu, usilichanganye na "former" au "ex". "My late husband" amefariki. "My former husband" ni yule mliyeachana, na neno halisemi kwamba amefariki. Nimekuta barua ya maombi ya kazi ambamo mwombaji alimwita bosi wake wa zamani "my late employer", kisha akaweka namba ya simu ya bosi huyohuyo kama mdhamini. Mzizi wa kosa ni neno letu "aliyekuwa". Tunaposema "aliyekuwa waziri", mtu huyo anaweza kuwa hai au amefariki, na sentensi haisemi. Kiingereza hulazimisha uchague. Kabla ya kufasiri "aliyekuwa", hakikisha kwanza kama mhusika yu hai. Kama yu hai, au kama huna uhakika, ni "former".

Nne, angalia wakati wa tendo. Kwetu si kosa kusema "Mwaka 1967 hayati Mwalimu Nyerere alitangaza Azimio la Arusha", kwa sababu heshima ya neno hayati humfuata mtu katika kila tendo lake, hata la zamani. Kwa Kiingereza makini, "In 1967 the late President Nyerere announced" husikika vibaya, maana mwaka huo alikuwa hai na mwenye nguvu zake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Andika "In 1967 President Nyerere announced". "The late" hufaa mahali unapozungumzia mambo ya sasa: makumbusho yake, familia yake, deni la taifa kwake.

Tano, usilitumie kwa watu wa kale. Hakuna anayeandika "the late Shakespeare". Neno hili huwafaa wale ambao wasomaji au wazazi wao waliwaona wakiwa hai, na ambao kifo chao msomaji anaweza kuwa hajakisikia.

Ukifasiri kwenda Kiswahili, chagua neno kwa kumfikiria mtu na mahali. Marehemu ni neno la wote, na lina rehema ndani yake: ni aliyerehemiwa. Hayati, Tanzania hasa, huwekwa kwa viongozi wa kitaifa na watu wenye heshima kubwa, na hutangulia cheo na jina, kama "Hayati Baba wa Taifa" au "Hayati Benjamin Mkapa". Kenya utakuta pia "Hayati Mzee Jomo Kenyatta", na katika habari za kila siku utasoma "mwendazake". Kwa barua ya familia au hati ya mirathi, marehemu ndilo salama kila mahali. Usiandike "marehemu hayati", moja linatosha.

Umefaulu ukiweza kuandika aya moja juu ya mtu wa familia yako aliyefariki, kwa Kiingereza, na mgeni asiyewajua akaelewa bila shaka yoyote nani yu hai na nani hayupo.

## Hatua ya 5: Tarehe za mwisho

"No later than Friday" ina Ijumaa ndani yake. "Before Friday" haina. Tangazo la zabuni au la masomo likisema "no later than", siku iliyotajwa bado ni yako, hadi saa iliyotajwa. Kwa Kiswahili andika "kabla au ifikapo Ijumaa", au "mwisho ni Ijumaa". "At the latest" ni hivyohivyo: "on Friday at the latest" ni "isizidi Ijumaa".

Sasa chukua neno letu "mpaka", au "hadi", ambalo hubeba kazi mbili. "Leta ripoti mpaka Ijumaa" na "Nitakuwa Dodoma mpaka Ijumaa" hutumia neno moja. Kiingereza huzigawa: tendo linalofanyika mara moja kabla ya mwisho ni "by", hali inayoendelea hadi mwisho ni "until". Kwa hiyo ni "Submit the report by Friday" na "I will be in Dodoma until Friday". Ukiandika "Submit the report until Friday" umemwambia mtu awe anawasilisha ripoti, siku hadi siku, mpaka Ijumaa ifike.

Kisha geuza saa. "10:00 a.m." ni saa nne asubuhi. Hili kila mtu analijua, na bado watu hufika saa kumi wakiwa na bahasha mkononi, kwa sababu aliyefasiri tangazo aliiacha kumi kama ilivyo. Andika saa kwa maneno na kwa tarakimu, pamoja na neno asubuhi au jioni.

Usiku una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba siku ya Waswahili, kwa hesabu ya jadi, huanza jua linapokuchwa, hivyo mzee wa pwani ukimwambia "usiku wa Ijumaa" anaweza kuuelewa kuwa ndio usiku unaoitangulia Ijumaa mchana. Ukiandika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" hakuna atakayekosea. Ya pili ni majira ya dunia. Tangazo la masomo likitaja mwisho kuwa 23:59 GMT tarehe 30 Juni, kwa majira ya Afrika Mashariki, yaliyo mbele kwa saa tatu, hiyo ni saa tisa kasoro dakika moja usiku, na kwa kalenda tarehe imeshakuwa 1 Julai. Hiyo ni faida kwako, ila usiitegemee: fomu nyingi hujazwa dakika za mwisho na intaneti huelemewa.

Kipimo cha kufaulu: chukua tangazo moja la Kiingereza, andika mwisho wake kwa Kiswahili, mpe mtu asiyeliona la asili akwambie siku na saa. Majibu yenu yakilingana hadi dakika, hatua imekamilika.

## Hatua ya 6: Ndugu wanne wa neno hili

"Later" ni baadaye. Tatizo lake ni kirai chetu "baada ya siku mbili", ambacho hufanya kazi katika hadithi na katika ahadi. Katika hadithi ya wakati uliopita, Kiingereza husema "two days later". Katika ahadi inayohesabiwa kuanzia sasa, husema "in two days". "I will call you two days later" huacha swali: siku mbili baada ya nini?

"Latter" lina herufi mbili za t na kwa kawaida halihusu muda. Ni la pili kati ya mawili yaliyotajwa.

"Latest" ni mpya kabisa kati ya vilivyokwisha kutoka, na huacha mlango wazi kwa kingine. "Last" huweza kufunga mlango. Sisi tuna "cha mwisho" kwa yote mawili, na ndiyo maana mwandishi aliye hai, tuseme Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, hupaswa kuandikiwa "his latest book" unapozungumzia kitabu chake kipya. "His last book" humfanya msomaji aulize kama ameacha kuandika, au kama kuna msiba.

"Lately" ndilo linalokosewa zaidi. Wengi hudhani ni "late" lililovaa "-ly" ili lifuate kitenzi, wakaandika "He came lately" kwa maana ya alichelewa kufika. "Lately" maana yake ni siku hizi, hivi karibuni, na hupenda kukaa na hali inayoendelea hadi sasa: "I have not seen her lately", sijamwona siku hizi. Kwa tendo moja lililokwisha, tumia "recently": "I recently bought a bicycle." "Of late" ni sawa na "lately", ila ni la maandishi zaidi.

## Hatua ya 7: Matamshi

Irabu ya "late" ni mbili zilizoungana, kama "leit" inayotelezeshwa kwa pumzi moja. Ukiifupisha ikawa "let", msikilizaji hulisikia neno jingine, lenye maana ya kuruhusu. Ukiwa unatoka mahali ambapo l na r hubadilishana, angalia pia lisigeuke kuwa "rate". Jirekodi ukisema "let", "late", "rate" kwa kufuatana, sikiliza, rudia. Dakika tano zinatosha.

## Hatua ya 8: Jipime

Fasiri sentensi hizi kwa maandishi kabla ya kusoma maelezo yaliyo chini yake.

1. "The late delivery upset the customer."
2. "She has been coming home late of late."
3. "The former minister met the late president's family."
4. "My late grandmother's last letter arrived late in December."

Katika ya kwanza hakuna msiba, maana kinachofuata "late" si mtu: mzigo uliofika kwa kuchelewa ulimkera mteja. Ya pili ina maneno mawili yenye maana mbili: siku hizi amekuwa akirudi nyumbani usiku. Katika ya tatu waziri yu hai na rais amefariki: aliyekuwa waziri alikutana na familia ya marehemu rais, ukiweka hayati badala ya marehemu, huko Tanzania utakuwa umeandika vizuri zaidi.

Ya nne ndiyo ninayoitumia kumpima mtu aliyekwisha kuiva. "Last" hapa ni sahihi, kwa kuwa bibi hataandika tena. Lakini "late in December" ni mwishoni mwa Desemba: "Barua ya mwisho ya marehemu bibi yangu ilifika mwishoni mwa Desemba." Sasa weka koma baada ya "late", isomeke "arrived late, in December". Jirani ameondolewa, na barua ileile imechelewa, ikaja kufika Desemba.